Soketi Isiyo ya Umeme

Tumepata kusoma kijitabu cha Kiswahili kinachotumiwa katika mafunzo ya kompyuta za Linux mjini Mbeya. Mwandishi wake hakukimbilia Kiingereza, na kwa hilo twampongeza. Hata hivyo, sura ya usimamizi wa huduma imewatatiza wanafunzi, na kwa maoni yetu kosa si lao.

Kijitabu chasema kuwa huduma "huwashwa kwa soketi". Kwa mkazi wa Mwanjelwa soketi ni tundu la umeme ukutani: chomeka, chombo kiwake. Katika systemd, programu iliyoanza mwaka 2010, sivyo. Soketi ni mahali pa kupokelea maombi, na mwenye kupalinda ni systemd yenyewe, huduma ikiwa ingali imelala. Ombi la kwanza lifikapo, ndipo systemd huiamsha huduma na kuikabidhi soketi iliyokwisha kufunguliwa. Ni kama bawabu langoni: mgeni akipiga hodi hafukuzwi, huambiwa angoje, na karani huitwa. (Ufundi wenyewe ni wa zamani, inetd ilifanya kazi ya namna hiyo katika Unix tangu miaka ya 1980.) Kwa hiyo twapendekeza "kuamsha kwa ombi". Kiamshacho ni ombi, wala si tundu.

Kinachotusumbua zaidi ni kitenzi "kusimamisha". Nguzo husimamishwa ikainuka. Basi husimamishwa likaacha kwenda. Na sura yenyewe yaitwa usimamizi! Mwanafunzi ashike lipi? Hata akiipata maana iliyokusudiwa, huisimamisha huduma, na punde huikuta hai tena. Hudhani kompyuta imeharibika. La, karani ameondoka lakini bawabu yupo pale pale, na mgeni mwingine amebisha. Asiyetaka huduma irudi hana budi kuifunga soketi pia, jambo ambalo kijitabu hakilitaji popote.

Huu si ubishi wa maneno matupu. Katika Ubuntu, kuanzia toleo la 22.10, hata SSH, huduma ya kuingilia kompyuta kutoka mbali, huamshwa kwa njia hii. Fundi aliyeagizwa kuizuia aweza kurudi nyumbani akiamini ameifunga njia, kumbe i wazi.

Twashauri "komesha" ishike nafasi ya "simamisha", na soketi ifundishwe kabla ya huduma inayoamshwa nayo.