Kauli ya Kutendwa katika Historia ya Mashine za Kasi: Mtazamo kutoka Likasi

Historia ya kompyuta isimuliwapo kwa Kiswahili, aghalabu huanzia Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hutajwa Tommy Flowers, aliyeunda Colossus, mashine iliyoanza kazi Bletchley Park mwaka 1944 ili kusaidia kufumbua maandishi ya siri ya Wajerumani. Hutajwa pia Freddie Williams na Tom Kilburn, ambao mashine yao ya Manchester iliendesha programu iliyohifadhiwa ndani yake tarehe 21 Juni 1948. Hayo ni sahihi. Uhakiki huu haupingi tarehe. Unahoji sarufi ya masimulizi yenyewe.

Tuzingatie vitenzi. Wahandisi "waliunda", "walibuni": ni kauli ya kutenda, na mtenda ana jina. Masimulizi yakifika Kongo, kauli hubadilika: urani "ilichimbwa" Shinkolobwe, karibu na Likasi (iliyoitwa Jadotville enzi za Wabelgiji), kisha "ikasafirishwa" Marekani. Kiswahili kinaturuhusu kumtaja mtenda hata katika kauli ya kutendwa, kwa kutumia "na". Hapa hatajwi, kana kwamba mawe yalijichimba yenyewe.

Msomaji atauliza: urani inahusianaje na kompyuta? Jibu lahitaji uangalifu. Colossus haikuhitaji madini hayo, wala hayakuwa kiungo cha mashine ya Manchester. Uhusiano umo katika hesabu. Mwaka 1940 kampuni ya Union Minière ilipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe, na mwaka 1942 yakauzwa kwa mradi wa bomu la atomiki. Silaha za aina hiyo zilidai hesabu zisizomudika kwa kalamu na karatasi. Kazi kubwa ya kwanza ya ENIAC, mashine ya Marekani, mwishoni mwa 1945, ilikuwa hesabu za bomu la haidrojeni. Uingereza nayo ilitegemea urani ya Kongo baada ya vita. Na Alick Glennie, aliyeutumikia mradi wake wa silaha, ndiye aliyetunga Autocode mwaka 1952, programu iliyogeuza maelekezo ya mtu kuwa lugha ya mashine ya Manchester.

Aidha, kasoro hii haiwahusu Wakongo peke yao. Colossus nayo "iliendeshwa": waendeshaji walikuwa wanawake wa jeshi la majini la Uingereza, nao walifungwa midomo na siri hadi miaka ya 1970. Siri, basi, ni sababu mojawapo ya ukimya, lakini haitoshi kuwa udhuru. Wa Bletchley wamesimuliwa. Wa Shinkolobwe, kwa sehemu kubwa, wangali wakisubiri.

Wala haisemeki kwamba lugha imepungukiwa. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville, yaani Lubumbashi, kwa Kiswahili cha Katanga na kwa mtazamo wa watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian akaichapisha mwaka 1990. Humo watu wa chini ni watenda.

Kwa muhtasari, tunapendekeza jambo dogo lenye uzito. Mwalimu au mwanafunzi aandikapo "urani ilichimbwa", na ajiulize: na nani? Pale majina yaliposahauliwa, aandike walau "wachimbaji wa Shinkolobwe walichimba". Sentensi hiyo haiwarudishii ujira wala afya, lakini inawarudisha kwenye nafasi ya kiima, ambayo ni haki yao.