Mizani Kumi na Sita za Tokyo

Mswahili anayepekua santuri za jazi za Kijapani hushtuka kukutana na lugha yake mwenyewe juu ya jalada. Sadao Watanabe, mpiga saksafoni aliyezaliwa Utsunomiya mwaka 1933, alisafiri Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1970, na katika miaka hiyo alitoa santuri zenye majina kama Kenya Ya Africa, Mbali Africa na Pamoja. Jina la kwanza linatutekenya kidogo, maana hakuna Kenya nyingine ya kuitofautisha na hii. La tatu limebeba matumaini kuliko ushahidi. Nililipenda la pili. Mtu aliyekuja, akasikia, akarudi kwao, na akakiri umbali kwa neno la wenyeji, huyo amesema kweli.

Nilimfuata Watanabe kwa ajili ya majina hayo, naye akanifikisha nisikokutarajia. Mwaka 1978 alitoa California Shower akiwa na Wamarekani Dave Grusin, Lee Ritenour na Harvey Mason, santuri nyepesi, yenye jua, iliyopendwa mno Japani. Hapo ndipo tunapoingia katika ile jazi mseto iliyooana na fanki na roki, ambayo vijana wa Tokyo waliifanya yao. Na hapo ndipo tuhuma inapoanza. Muziki huu, husemwa, ni baridi. Umesuguliwa hata umepoteza jasho. Ni ufundi wa mikono usio na moyo, tena ufundi wa kuiga.

Sisi wapenzi wa ushairi tuna sababu ya kuitegea sikio tuhuma hii, kwani ni jirani ya ile iliyotupwa kwa malenga wetu. Tangu Kichomi ya Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974, wapo walioshikilia kwamba anayefunga vina na kuhesabu mizani ameshughulika na hesabu, moyo akauacha nje ya mlango. Kezilahabi mwenyewe alithibitisha kwamba moyo unaweza kwenda bila vina. Hakuthibitisha, wala hakuna awezaye kuthibitisha, kwamba hauwezi kwenda navyo.

Ushahidi wangu ni santuri moja: Mint Jams ya kundi la Casiopea, iliyorekodiwa ukumbini Tokyo na kutolewa mwaka 1982. Wapigaji ni wanne: Issei Noro wa gitaa, Minoru Mukaiya wa kinanda, Tetsuo Sakurai wa gitaa la besi, na Akira Jimbo wa ngoma. Hesabu herufi za jina la santuri: ni nane, na kila moja ni mwanzo wa jina mojawapo kati ya majina manane ya watu hao wanne. Malenga wetu hujitaja katika ubeti wa mwisho. Hawa wamejificha katika anwani.

Sikiliza Asayake, neno lenye maana ya wekundu wa mbingu wakati wa alfajiri. Gitaa la Noro ndilo linaloufungua, likichapa nyuzi kwa kasi, na kila kipimo cha mapigo manne kimekatwa vipande vidogo kumi na sita. Ni sadfa tu kwamba mshororo wa shairi letu nao una mizani kumi na sita, lakini sadfa hii inasaidia sikio. Jinsi tunavyojua bila ya kuhesabu kwamba mshororo umepungukiwa na mizani moja, ndivyo wanne hawa wanavyojua. Na kwa kuwa wanajua, Noro anaweza kuchelewa nukta ndogo kuliko jicho la sindano nasi tukashituka. Asingekuwapo mtu wa kuhesabu, kuchelewa huko kusingekuwa na maana yoyote. Hapo pana moyo, na umeingia kwa mlango wa hesabu.

Wengine watalalamika kuwa hamna maneno. Lakini aliyekulia penye taarabu amewahi kukaa kimya kusikiliza bashrafu kabla mwimbaji hajasimama, na hakuona kapunjwa. Gitaa na kinanda vinapokwenda na lahani moja bega kwa bega, sikio la bashrafu halihitaji mkalimani.

Katika Domino Line kila mtu hupewa nafasi, na besi ya Sakurai inazungumza peke yake kwa muda mrefu kabla ya Jimbo kuipokea kwa ngoma. Sauti ya hadhira imepunguzwa hata mtu huweza kudhani ni kazi ya studio. Nadhani hilo limewaponza: waliokwishaamua kwamba muziki huu hauna jasho wamefichiwa chumba kilichojaa watu.

Sisemi kila kitu ni sawa. Tears of the Star, wimbo wa polepole, umetiwa sukari kupita kiasi. Najikuta nautazama ukuta. Na zipo kazi nyingi za mseto za miaka ya 1980 ambazo zimebaki na mng'aro tu, kama vile zipo tungo zetu nyingi ambazo vina vyake vimetimia na mtunzi hayumo. Mukaiya, kwa upande wake, baadaye alitunga vipande vifupi vinavyopigwa katika vituo vya treni za Japani kuashiria kuondoka. Sijui mhakiki gani wa jazi angeiheshimu kazi hiyo. Mimi naihusudu: sekunde chache, na kila abiria anaielewa.

Anayetaka kunipinga na aitafute kwanza Asayake iliyomo katika Super Flight ya mwaka 1979, kisha ile ya Eyes of the Mind, kisha arudi kwenye hii ya ukumbini. Wimbo ni mmoja. Asikilize hasa mkono wa kulia wa Noro.