Samaki Huparwa Kuanzia Mkiani

Saa 12 na nusu asubuhi ya Jumamosi, soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Mnada umepamba moto, madalali wanapandisha bei za ndoo za vibua, na jirani pale pantoni inapiga honi kabla ya kuvuka kwenda Kigamboni. Mwalimu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari magotini, anamtazama mparaji mmoja anayepara changu. Nilidhani anafuatilia kisu. Kumbe anafuatilia mkono wa kushoto, ule ambao sisi wateja hatuna haja nao. Akaandika: "Kushoto: gumba ndani ya shavu, vidole vinne juu ya kichwa, samaki hachezi."

Alipomuuliza mparaji kazi yake ina hatua ngapi, alijibiwa tatu: unapara, unapasua, unaosha. Jibu la haki kutoka kwa mtu aliyekwisha sahau kwamba aliwahi kujifunza. Daftari la Mwalimu lilikuwa na hatua 19. Kumgeuza samaki upande wa pili ilikuwa hatua. Kupangusa magamba yaliyoganda kwenye ubapa wa kisu ilikuwa hatua. Kuangalia chini ya pezi la ubavuni, pale magamba yanapojificha, ilikuwa hatua, tena aliipigia mstari mara mbili.

Anafundisha katika kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili, ndani ya shule ya msingi ya serikali isiyo mbali na Kariakoo. Fani hii aliisomea Patandi, mkoani Arusha. Watu wa Dar wakisikia elimu jumuishi katikati ya mji huitaja kwanza Uhuru Mchanganyiko, ambako wasioona, viziwi wasioona na wenye ulemavu wa akili husoma shule moja na wenzao wasio na ulemavu. Kitengo cha Mwalimu ni kidogo na hakijulikani hivyo, ila utaratibu unafanana: kengele moja, uwanja mmoja, foleni moja ya uji. Kinachomnyima usingizi ni siku ambayo kengele haitamhusu tena mwanafunzi wake. Wengi wakimaliza hurudi nyumbani, na nyumbani maana yake huwa ni kukaa barazani.

Mwanafunzi tunayemzungumzia ana miaka 17. Maneno yake ni machache, masikio yake makali, mikono yake ina nguvu. Mama yake mdogo ana karai la kukaangia samaki hapo Feri, na ndiye aliyemwendea Mwalimu akasema nafasi ipo, shida ni kwamba kila akijaribu kumwonyesha kijana kazi, kijana anasimama tu kama nguzo. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri. Lakini karai la mama mdogo lina yeye mwenyewe, binti wa kupeleka sahani, na nafasi moja.

Somo la kwanza halikuwa na samaki. Mwalimu alichukua boksi la maziwa, akakata umbo la samaki urefu wa mkono. Akakata vipande vidogo vya mviringo, akavibandika kwa gundi kimoja juu ya kingine kama vigae vya paa, akianzia mkiani kupanda kichwani, kila kipande kikigandishwa upande wa kichwa tu na ule wa mkia ukiachwa wazi. Kazi hiyo ilimchukua jioni mbili. Ukipitisha kijiti kutoka kichwani kwenda mkiani, kinateleza kimya. Ukikipitisha kutoka mkiani kwenda kichwani, kinanasa, vipande vinainuka, na unasikia kwaru, kwaru, kwaru. Kijana mwenye masikio makali aliusikia mlio ule akacheka. Hapo hakuhitaji tena kuambiwa kushoto wala kulia, juu wala chini. Mlio ndio ulikuwa maelekezo.

Ndipo samaki wa kweli wakaja, na hapa Mwalimu alifanya jambo ambalo sikulielewa wiki nzima ya kwanza. Alipara yeye, akapasua yeye, akatoa utumbo na matamvua, akaosha mara moja. Kijana alikuwa kando anaangalia. Hatua ya 19 ilipofika, yaani kumsuuza samaki katika beseni la maji safi na kumweka kwenye sahani ya mama mdogo, akamwachia. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu kijana akapewa hatua ya 18 na ya 19. Baadaye ya 17, ya 18 na ya 19. Somo lilikuwa linatembea kinyumenyume.

Nilipomuuliza, alinijibu bila kuinua macho kwenye beseni. Ukimwanzisha mwanzoni, alisema, atafanya hatua moja au mbili kisha atashindwa, utamalizia wewe, na kila siku ataondoka na kazi ambayo haijaisha. Ukimwanzisha mwishoni, kila siku anamaliza. Kila siku yeye ndiye anayemkabidhi mama mdogo samaki aliye tayari, na kila siku anaambiwa ahsante baba. Anachoongezewa ni safari ya kufika pale anapopajua tayari.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiangalia namna tunavyowafundisha watoto wetu kufunga kamba za viatu, na naona wengi wetu tunaanzia upande mgumu.

Samaki aliwachagua kwa mpangilio. Wa kwanza alikuwa pono, kwa sababu magamba yake ni mapana na yanang'oka kwa hiari. Akafuata changu, mwenye magamba madogo zaidi na mapezi ya mgongoni yanayochoma. Mkizi akaja baadaye. Tasi alimweka mbali kabisa, maana miiba yake ina sumu na mparaji mzoefu naye humshika kwa heshima. Kifaa nacho kilikuwa na zamu. Kisu hakikugusa mkono wa kijana mwezi mzima. Alianza na kipande cha ubao kilichopigiliwa vizibo viwili vya soda, meno yakiangalia nje, kifaa kinachokwangua gamba bila kukata kidole. Kilipozoeleka ndipo kikaja kisu kifupi chenye mpini wa mbao, na Mwalimu aliuzungushia mpini ule mpira wa tairi la baiskeli ili usiteleze ukilowa.

Nikitakiwa kutaja sehemu moja inayoonyesha ufundi wake wote, nitautaja mkono wake. Mwanzoni mkono wa Mwalimu ulikuwa juu ya mkono wa kijana, kiganja juu ya kiganja, wakipara pamoja. Baada ya siku kadhaa ulirudi nyuma hadi kwenye kifundo. Kisha kwenye kiwiko, ncha za vidole tu. Kisha begani. Kisha ukawa hewani, unafuata kama kivuli bila kugusa. Baada ya hapo alibaki kuelekeza kwa kidole, halafu kwa neno moja, halafu kwa kutazama. Hakuna hatua ya kurudi nyuma aliyoichukua kwa kubahatisha. Kauntabuku lake lilikuwa na safu 19 na kila kisanduku kilikuwa na herufi: M kwa mkono, K kwa kiwiko, N kwa neno, P kwa peke yake. Safu ikionyesha P siku tatu mfululizo, anasogea. Ikirudi N, naye anarudi, na uso wake haubadiliki.

Ugumu uko kwenye kungoja. Nilimwona akisema "geuza" kisha akanyamaza. Kijana akamtazama samaki. Hakuna kilichotokea. Mimi niliyekuwa nimesimama pembeni nilishakaribia kusema "geuza" mara ya pili, na ulimi ulinisumbua kweli. Mwalimu alikuwa anahesabu pumzi. Ilipofika ya saba au ya nane, mkono wa kijana ukamgeuza samaki. Neno moja lilikuwa limesafiri njia ndefu mpaka likafika, na kama angelirudia katikati, safari ingeanza upya. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu hungoja baada ya kuuliza swali darasani akakuta ni kama sekunde moja tu. Wakijizuia hadi sekunde tatu, majibu ya wanafunzi yanakuwa marefu na bora zaidi. Mwalimu wa Feri anangoja pumzi saba au nane, katikati ya kelele za mnada, na wateja wanamwangalia.

Kelele zenyewe zilikuwa somo. Mara ya kwanza kijana aliziba masikio akarudi nyuma mpaka ukutani. Ikabidi waanze kuja mchana, mnada ukiwa umekwisha na vijana wanamwaga maji sakafuni, wakikaa muda wa kunywa soda moja. Halafu soda na andazi. Halafu saa nzima. Waliisogelea asubuhi kidogokidogo, kama mtu anayeingia baharini kwa kulowesha miguu kwanza.

Safari ya kufika aliipanga kwa akili hiyo hiyo. Kijana anapanda mwendokasi kituo cha Fire na kushuka Kivukoni, ambako ndiko mwisho wa njia na wote wanashuka, kwa hiyo hana kituo cha kuhesabu. Kurudi ndiko kugumu, na kwa kurudi alifundishwa kutafuta dirishani magari mekundu ya zimamoto.

Fedha zilichukua muda mrefu kuliko kisu. Kijana hasomi tarakimu, ila anajua wanyama, na noti zetu zina wanyama: simba kwenye elfu mbili, kifaru kwenye elfu tano, tembo kwenye elfu kumi, na Baba wa Taifa kwenye elfu moja. Mwalimu alidhani njia imeonekana. Siku moja mteja akasema, "Nakupa Msimbazi, nirudishie chenji," akanyoosha noti nyekundu ya elfu kumi. Kijana, shabiki wa Simba, akaikataa. Kwake Msimbazi, maskani ya klabu yake, ilikuwa lazima iwe na simba juu yake, yaani elfu mbili. Mwalimu aliandika jambo hilo daftarini kwa utulivu, kama vile kijana ndiye aliyemfundisha, na kwa kweli ndiye. Wiki iliyofuata alikuja na kadi ngumu iliyobandikwa picha ya tembo kwenye karatasi nyekundu, akaanza mazoezi: mteja anasema Msimbazi, kijana anagusa tembo. Kuhesabu chenji bado kunabaki kwa mama mdogo. Si kila kitu kinapaswa kufundishwa mara moja.

Kuna siku kisu kilizama mno. Nyongo ikapasuka, kijani kikatapakaa ndani ya tumbo la changu mzima aliyekuwa wa mteja. Mama mdogo alishtuka akanyoosha mkono kuchukua kisu. Mwalimu alimgusa kidogo tu: "Mama, subiri." Mikono yake mwenyewe alikuwa ameiweka nyuma ya mgongo, kidole kimekumbatia kidole, na niliona vifundo vyake vimekakamaa. Alikuwa anajizuia kwa nguvu. Kijana akaliangalia tumbo. Akaliangalia beseni. Akamtumbukiza samaki, akamsugua ndani kwa gumba, akamtoa, akamnusa, akamrudisha tena. Hatua hiyo haikuwamo katika zile 19. Jioni hiyo ikaongezwa, na orodha ikawa na hatua 20, mojawapo ikiwa imetungwa na mwanafunzi.

Tunapenda kuwaita walimu hawa watu wenye huruma, na sikatai kwamba anayo. Lakini huruma peke yake ingekichukua kisu siku ile. Kilichozuia mikono yake ni ufundi, aina ile ile ya ufundi inayomfanya fundi wa mashua asipige nyundo ya ziada.

Jumamosi iliyopita nilikwenda tena. Kijana alikuwa amesimama mezani, aproni ya plastiki hadi magotini, buti za mpira. Mteja mmoja mwenye mvi akafika. "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu. Nipigie hawa watatu." Gumba likaingia ndani ya shavu, vidole vinne juu ya kichwa. Kisu kikaanzia mkiani. Magamba yakaruka, mengine yakamganda shavuni, hakuyajali. Akamgeuza. Akainua pezi la ubavuni, akachungulia chini yake, akakwangua palipobaki. Akapasua kutoka nyuma kwenda mbele, kisu kikiwa juujuu. Utumbo ukatoka na nyongo yake nzima, kama kipakti kidogo cha kijani. Akaosha, akasuuza, akaweka. Wa pili. Wa tatu. Mama mdogo alikuwa anageuza samaki kwenye karai, amempa mgongo, na hakugeuka hata mara moja.

Nilimtafuta Mwalimu. Hakuwa mezani. Hakuwa jirani na meza. Alikuwa ng'ambo kabisa, kwa muuza kahawa, ameegemea nguzo na kikombe mkononi, mahali ambapo kijana asingemwona kama asingegeuka. Kijana hakugeuka.

Akaweka kikombe chini, akafungua ukurasa mpya wa kauntabuku, akaandika juu yake neno moja: Tasi. Kisha akashusha kalamu mpaka mstari wa chini kabisa wa ukurasa, akaanza kuandika hatua ya mwisho.