Kwenda Sabasaba na faili la gari lililogoma

Mwenye yadi ya magari aliyekwenda Sabasaba bure utamjua kwa mfuko wake akishuka stendi ya Nyegezi, Mwanza: vipeperushi, kofia mbili, kalamu za benki, na kwenye simu picha yake akiegemea gari jipya la kifahari ambalo wateja wake wa Nyakato hawaliulizii hata bei. Amesafiri zaidi ya kilomita elfu moja kwenda, na nyingine elfu kurudi. Ile Premio iliyolala kwenye kona ya yadi tangu Krismasi bado imelala palepale.

Mimi ningemwambia aanze na hiyo Premio. Maonesho ya Sabasaba hufunguliwa tarehe 28 Juni na kufungwa 13 Julai kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, na mtu akiingia bila swali hutoka amechoka miguu tu. Aingie na faili la gari lililogoma kuuzika: hesabu ya forodha, karatasi ya mnada wa Japani, gharama za fundi, na daftari la wateja waliolizunguka mara tatu wakaondoka.

Wenzake wa Marekani walianza hivyohivyo, na hoja ya kodi. Mwaka 1917 wauza magari wapatao 30 walikwenda Washington kulishawishi Bunge lisiwatwishe kodi ya anasa ya asilimia 5. Walirudi na asilimia 3, na safari hiyo ikazaa chama chao, NADA, ambacho leo mkutano wake wa mwaka hujaza kumbi kubwa kwa taa na muziki. Taa zilikuja baadaye. Kwanza ilikuwa hesabu.

Basi tuifungue hesabu ya Premio ya cc 1,500, kwa viwango ambavyo waagizaji wamevizoea kwa miaka. Tuseme TRA imeithamini kwa shilingi milioni 10 ikifika bandarini. (TRA ina kanzidata yake ya thamani za magari yaliyotumika, risiti yako ya Japani haiimalizi hoja.) Ushuru wa forodha asilimia 25 ni milioni 2.5. Ushuru wa bidhaa asilimia 5, unaopigwa juu ya jumla ya hizo mbili, ni 625,000. Kama gari limepita miaka kumi tangu litengenezwe, ushuru wa uchakavu ni asilimia 30 ya jumla hiyohiyo: shilingi 3,750,000. Juu ya mlima wote huo inakuja VAT ya asilimia 18, ambayo ni 3,037,500. Jumla ni 9,912,500, ukiacha tozo ndogondogo. Umenunua gari moja, umelipia mawili.

Likiwa na miaka minane hadi kumi, uchakavu unashuka hadi asilimia 15, na kodi yote inakuwa milioni 7.7. Chini ya miaka minane uchakavu haupo, na kodi ni 5,487,500.

Wenye yadi wengi huishia hapo, wakisema gari jipya zaidi ni ghali kule mnadani. Ni kweli, lakini ghali kiasi gani? Ukirudisha hesabu nyuma, gari la chini ya miaka minane lenye thamani ya takriban milioni 12.85 litakugharimu sawasawa na lile kuukuu la milioni 10, yaani karibu milioni 20 kila moja. Ile milioni mbili na laki nane na ushei uliyoiogopa Japani, hapa ungeilipa kama uchakavu. Hesabu hii ndiyo ya kupeleka kwenye banda la TRA, pamoja na swali la umri: unahesabiwa kuanzia mwaka wa kutengenezwa, na meli hukaa wiki kadhaa baharini, kwa hiyo gari lililonunuliwa Desemba linaweza kushuka Dar likiwa limeongeza mwaka.

Sasa mteja. Huku kwetu bado tunalisoma gari kwa herufi ya namba: hili ni D, lile ni E, basi E ni jipya. Herufi hiyo inasema lini gari lilisajiliwa Tanzania, haisemi lini lilitengenezwa wala lilipondeka wapi. Hayo ya kupondeka yamo kwenye karatasi ya mnada. A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni bati lililonyooshwa likabaki na mawimbi, XX ni kipande kilichobadilishwa, na alama ya R inamaanisha gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kilomita za siku ya mnada zimeandikwa humo pia. Yadi nyingi huificha karatasi hii kwenye droo, kisha zinashangaa mteja kuja na fundi wake anayegonga bodi kwa vidole kama anayechagua tikiti maji.

Na mteja wa leo ana njia. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lizinduliwe tarehe 19 Juni 2025, mtu wa Sengerema au Geita anayetafuta gari la mchomoko la kubeba abiria hasubiri tena kivuko. Anavuka kilomita tatu za maji kwa dakika chache, anazunguka yadi za Mabatini, Nyakato na Buzuruga kabla ya chakula cha mchana, na anaweza kurudi kesho kukudai gia iliyoanza kugoma. Kwa hiyo kwenye banda la wakala wa magari ya Japani mwenye yadi asiulize bei tu. Aulize kama kila gari litakuja na karatasi yake halisi yenye namba ya chesesi, na nani atajibu ikikutwa haifanani na gari.

Jioni ya mwisho, kabla ya kupanda basi, ampigie kijana wa yadi. Ile Premio ioshwe, bei ya zamani ifutwe kwenye kioo, na karatasi ya mnada ibandikwe dirishani, hata ile W ya mlango wa nyuma ionekane.