Tunataka Ferguson, ila hatutaki kusubiri

Mashabiki wa Manchester United hapa kambini ni mafundi wa maneno. Ukiwasikia bandani wakibishana nani awe kocha, utadhani wanachagua rais. Huyu anataka kocha mkali, yule anataka mchezaji wa zamani. Nawapenda, ila hoja yao ina tundu.

Wote wanataka "Ferguson mwingine". Haya, tuhesabu. Alifika Novemba 1986. Kombe la FA alilibeba 1990, ubingwa wa ligi 1993. Mwaka 1989 shabiki aliinua bango uwanjani kumtaka aondoke. Yaani kwa sheria za banda letu, Ferguson mwenyewe angefukuzwa kabla ya kombe la kwanza. David Moyes alipewa mkataba wa miaka 6 mwaka 2013. Hata msimu mmoja hakumaliza.

Zingekuwa porojo tu, ningenyamaza. Lakini mdomo uleule unakuja kwenye kiwanja chetu cha vumbi. Timu ya watoto ikifungwa mara mbili, kocha wa kujitolea eti "hafai", na watoto wanaanza upya na mgeni. Watoto hawa wameshaachwa na watu wengi.

Jamani, bishaneni, utamu upo. Ila kabla ya kutaja jina jipya, semeni kwanza: huyo tutamvumilia muda gani?