Kimya cha Nani? Maoni juu ya Filamu Le Monde du silence

Atakayetafsiri anwani Le Monde du silence ataandika bila kusita «Ulimwengu wa Kimya», wala hatakuwa amekosea. Hata hivyo neno hilo kimya lastahili kuhojiwa, kwani ndilo linaloongoza namna filamu nzima inavyoyatazama maisha ya baharini.

Filamu hiyo, kazi ya Jacques-Yves Cousteau na Louis Malle, ilipata tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka 1956. Ni miongoni mwa filamu za kwanza kuwaonyesha watu wa bara miamba ya matumbawe kwa rangi. Uzuri wake haukanushiki: wapiga mbizi washukao kilindini na mienge mikononi hawasahauliki.

Lakini tuangalie onyesho la baruti. Mabaharia wa merikebu Calypso wanalipua mwamba ili aina za samaki waliomo zihesabiwe. Msimulizi anakiri kwamba kuvua kwa baruti ni uharibifu, ila kwa mwanasayansi, asema, ndiyo njia pekee ya kupata hesabu kamili. Tendo moja, majina mawili! Mvuvi wa pwani ya Tanzania atumiaye baruti huitwa mharibifu, naye ni mharibifu kweli, maana mwamba uliovunjika huchukua miaka mingi kujijenga upya. Tofauti kati yake na mtaalamu huyu ni daftari tu.

Tulinganishe na chewa aliyepigwa picha kisiwani Assumption, Shelisheli. Huyu amepewa jina, Jojo. Anawafuata wapiga mbizi, analishwa nyama, na anapozidi usumbufu anafungiwa kizimbani. Mtazamaji anacheka na kumpenda. Jojo ana jina, basi ana nafsi. Waliolipuliwa hawana jina, basi ni idadi. Hapa ndipo kimya kinapofanya kazi yake, kwani asiye na sauti hadhaniwi kuugua.

Na kimya chenyewe si cha bahari. Kinachotufikia ni sauti ya msimulizi na muziki uliotiwa baadaye. Mwamba ulio hai una kelele: kamba wadogo hufyatua makucha usiku na mchana, samaki wengine huguna, na pono husikika akiguguna matumbawe. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba samaki wachanga huzifuata sauti hizo ili kupata makao. Kiswahili, kwa upande wake, hakikungoja vinasa sauti ili kumtambulia pono tabia yake: mtu aliyezama usingizini tunasema amelala kama pono, na pono kweli hulala usingizi mzito.

Si haki kumhukumu Cousteau kwa kazi hii peke yake. Mwaka 1960 alipinga hadharani utupaji wa taka za nyuklia katika bahari ya Mediterania, na aliendelea kuitetea bahari hadi alipofariki mwaka 1997. Mwaka uliofuata, joto la maji liliua zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai ya visiwa vya ndani vya Shelisheli, bila baruti yoyote. Tena onyesho lile hakulificha. Angelificha, tungekosa ushahidi.

Kwa hiyo tungependa tafsiri ya Kiswahili ya masimulizi haya, ikipatikana, isilainishe neno: kuvua kwa baruti kubaki kuvua kwa baruti, hata mvuvi akiwa profesa.