Sekunde Saba za Kimya

Kwenye kompyuta yangu kuna kipande cha video cha sekunde 41. Mama ameketi mkekani chini ya mkorosho, miguu ameinyoosha, mtoto wa miezi minne amelala juu ya mapaja yake, wanatazamana. Mama anaita, "Eeh, baba, umeamka?" Kisha ananyamaza. Mtoto anamkazia macho, anarusha teke, mdomo unafunguka na kufumba bila sauti. Inapita sekunde ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba, ndipo inatoka "aguu" moja ndefu, na mama anaipokea kwa kicheko. Aliyezoea kuhariri matangazo, mkono wake utakwenda wenyewe kuzikata zile sekunde saba. Mimi nimezilinda kama mboni ya jicho, maana ndizo somo lenyewe.

Kazi yangu ni kuandaa mafunzo ya mtandaoni kwa wanaowasaidia watoto wadogo wenye dalili za kuchelewa katika makuzi: wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walezi wa vituo vya kulelea watoto mchana, maofisa ustawi wa jamii. Ni ufundi kama useremala, nao unastahili kusifiwa. Kipande kile tulikipiga Namasakata, mkoani Ruvuma, na tangu hapo kila somo nalipima kwa mhudumu mmoja wa huko. Kioo cha simu yake kimepasuka, bando ananunua kwa pesa yake, mtandao anaupata akisogea barabarani, na kaya zake anazizungukia kwa miguu. Somo likimfaa yeye, limekamilika. Lisipomfaa, hata likipendeza namna gani ofisini, halijawa somo.

Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya kuanzia 2021/22 hadi 2025/26. Inasimama juu ya mambo matano yaliyomo katika mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia waliutoa mwaka 2018: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Manne kati ya hayo ukiyaeleza kwa maneno yanaeleweka. La malezi yenye mwitikio linagoma. Mhudumu anaweza kuliandika daftarini mara kumi na bado asijue afanye nini mbele ya mama anayeharakia shamba. Mwitikio sharti auone, ausikie, ausubiri.

Hilo nilifundishwa na yule mhudumu mwenyewe. Toleo la kwanza la somo langu lilionyesha video, na papo hapo maandishi yakajitokeza: mama anasubiri, mtoto anajibu, mama anaitikia. Alilitazama mara mbili, akaniambia kwa upole, "Kaka, mbona linanijibu kabla sijamaliza kutazama?" Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nafundisha subira kwa chombo kisicho na subira. Nikarudi mezani nikaondoa maandishi yote. Sasa video ikiisha, kioo kinabaki cheupe na swali moja tu, "Umeona nini?", na kitufe cha kurekodi sauti. Somo halimsukumi wala halina saa inayokimbia pembeni. Akishasema lake, ndipo video inarudi kuchezwa.

"Umeona nini" ni swali gumu kuliko linavyoonekana. Jibu la kwanza huwa ni hukumu: mtoto mvivu, mtoto mzito, mama hajali. Kumtoa mtu kwenye hukumu na kumrudisha kwenye macho yake ndiyo kazi inayokula siku zangu nyingi. Jibu ninalolitafuta ni kama hili: mtoto ana miezi minane, akiachiliwa anaangukia upande wa kulia. Hayo ni ya kuonwa, na kwa hayo kuna hatua ya kuchukua.

Hapo tarakimu nazo zinataka fundi. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani kwa watoto wa Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba watoto wenye afya huanza kukaa bila kushikwa popote kati ya miezi 3.8 na 9.2, na kutembea wenyewe kati ya miezi 8.2 na 17.6. Wapo wachache, asilimia 4.3, ambao hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Ukimpa mhudumu umri mmoja tu, utamtia hofu mama ambaye mwanawe ni mzima, au utamtuliza anayepaswa kwenda hospitali wiki hiyo hiyo. Kwa hiyo nilichora njia pana yenye kingo mbili, na mtoto anapita katikati. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, huko Malawi, Melissa Gladstone na wenzake walichapisha mwaka 2010 kipimo cha maendeleo ya mtoto kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa vijijini. Nikiwa na shaka kama mchoro wangu una kitu ambacho mtoto wa Namasakata hajawahi kukishika, nawakumbuka wao.

Halafu kuna uzito wa faili. Dakika tatu za sauti hazizidi kilobaiti 400. Kile kipande cha sekunde 41 nimekibana mpaka karibu megabaiti moja nikasimama hapo, maana nikibana zaidi mdomo wa mtoto unageuka ukungu, na bila ule mdomo unaohangaika kutafuta sauti hakuna cha kutazama.

Juzi yule mhudumu alinitumia sauti ya sekunde 52, kwa ridhaa ya familia. Jogoo anawika kwa mbali. Bibi mmoja anasema, "Huyu hasemi kitu." Mhudumu anamjibu, "Shikamoo bibi. Muite, halafu tumsubiri kidogo." Bibi anaita. Kimya. Mtu anakohoa. Kimya tena, nami nimejikuta nimeinamia spika. Kisha kinasikika kisauti chembamba, na bibi anaguna kwa mshangao.

Wiki ijayo sauti hiyo inaingia kwenye somo la nne, mahali palipokuwa na maelezo yangu ya dakika mbili. Jogoo nimemwacha.